Sauti ya Baba Whitney Inakwama

Kabla sijaeleza chochote, wacha niseme hivi: mimi si mtu wa hasira. Muulize yeyote wa Kabiro, hapa Kawangware, atakuambia Mumbi wa Gerishon ni mtu wa kuchekacheka na wateja, hata wale wanaoleta laptop imemwagikiwa na uji halafu wanaapa ilijizima tu. Lakini kuna simu moja nilikuwa napigiwa mwaka huu, na nikiona tu jina kwenye skrini, damu inanipanda kichwani kabla sijaishika.

"Mumbi," sauti inasema polepole, "Baba amekwama tena."

Si kompyuta imekwama. Baba amekwama. Ungedhani mzee wa watu amenasa dirishani.

Aliyekuwa akipiga ni Mama Whitney, Nereah, wa Kambi Muru kule Kibera. Baba ni mumewe, Mzee Oyoo. Na Whitney, binti yao, ndiye ndugu yangu mdogo Kiarie anataka kuoa. Hapo ndipo nilipoingizwa mimi, bila kuulizwa. Kiarie alienda kwa wakwe zake watarajiwa, akanywa chai yao, akafungua mdomo wake mkubwa akasema, "Sister yangu ni fundi wa kompyuta. Hiyo sauti atairudisha." Akarudi Kawangware akaniambia kama mtu anayeleta habari njema.

Mzee Oyoo alikuwa na sauti bwana. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesoma matangazo kanisani kwao, na wanasema hata wale wa kutoka mapema walikuwa wanabaki mpaka asome. Kisha koo likaugua, na ili wamwokoe, madaktari wakatoa kisanduku chote cha sauti. Akapona. Anakula, anatembea, anacheka mabega yakitikisika, lakini hatoi sauti. Anapumua kwa tundu dogo shingoni, na Mama Whitney humfunga hapo kitambaa chepesi cheupe ili vumbi la Kibera lisiingie.

Bahati ni kwamba kanisa lilikuwa linarekodi ibada na kuzitupa kwenye mtandao. Nikachukua matangazo yote, nikayalisha kwa programu moja ya bure inayojifunza sauti ya mtu, nikapata laptop ya mitumba iliyo na nguvu kidogo, nikaiunganisha na spika. Mzee anaandika kwa simu yake, laptop inapokea, sauti yake inatoka. Na ni yeye kabisa, na ile tabia yake ya kuvuta neno la mwisho. Shida ilikuwa moja tu, kwamba ilijifunza kwa matangazo, kwa hivyo akiandika "niletee chai" inatoka kama tangazo la mkutano wa akina mama baada ya ibada. Hiyo hakuna aliyelalamika. Siku niliyoipeleka Mama Whitney alikaa chini sakafuni, akafunika uso na leso, akalia.

Baada ya hapo zikaanza simu.

Sasa elewa kwa nini nilikuwa siwezi kuzima simu nikaendelea na maisha yangu. Siku ya wageni kuja kumposa msichana, kwa akina Oyoo kuna swali moja. Chakula kimepikwa, vitu vya wageni viko hapo, na hakuna anayegusa hata kijiko mpaka baba amwite binti yake mbele ya watu amuulize: hawa wageni unawajua? Tukile walicholeta? Binti akikubali, imekuwa. Na swali hilo ni la baba. Baba akiwa ameshatangulia, ndio anauliza ndugu yake. "Lakini akiwa hai, nyathina, mwanangu, halafu mdomo mwingine umuulizie," Mama Whitney aliniambia akinitazama machoni, "huko ni kumzika akiwa ameketi."

Siku ilikuwa imeshapangwa. Ilipaswa kuwa dala, yaani nyumbani kwao kijijini, kule Ugenya, lakini daktari alikataza safari, kwa hivyo ingefanyika hapo hapo Kambi Muru. Mzee Oyoo alitaka kuuliza mwenyewe. Na kila akijaribu kusema kitu kirefu nyumbani kwake, sauti inaanza vizuri, inavutika, inakatika, "wa-wa-wa", kisha kimya.

Wacha nikueleze kinachoendelea ndani ya ile mashine, na nitafanya haraka. Programu ya sauti haiwezi kungoja. Inatengeneza neno la pili wakati la kwanza linatoka kwa spika, na ikichelewa kidogo tu, sauti inakatika. Kazi hiyo inafanywa na prosesa, na prosesa ya ile laptop ina core nne. Chukulia wapishi wanne kwa jikoni moja. Juu yao kuna msimamizi anaitwa kernel, yule wa ndani kabisa ambaye mtu wa kawaida hamwoni. Kernel ndiye anaamua mpishi gani ashike sufuria gani, na ndiye anaamua kila mmoja aende kasi gani. Kazi ikiwa ndogo, anawapunguza mwendo ili stima isiliwe bure. Kazi ikija, anawaongeza. Lakini lazima kwanza aone kazi ndio aongeze, na akifika kuona, Mzee Oyoo ameshamaliza kuandika na sauti imeshaanza kuyumba.

Kwa hivyo mimi nikamlaumu kernel. Mtu yeyote wa kazi yangu angemlaumu.

Nikaileta laptop Kabiro, kwa duka langu chini ya ploti ya baba, nyumba yake ya kupangisha, nikaiambia ikae kasi ya juu wakati wote, kazi iwepo isiwepo. Nikajaribu. Ikasoma Zaburi nzima bila kupepesa. Baba yangu akasikia sauti ya mwanaume asiyemjua, akashuka ngazi kuja kuangalia. Baba huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini jua kuna kitu anatafuta.

"Maitu, hiyo koo ya mzee imepona?"

"Inafanya kazi, baba."

"Kwa nini asiandike kwa karatasi, tusome?"

"Kwa sababu anataka kuuliza, si kusomewa."

"Nimehudhuria ruracio, hizi shughuli za mahari, nyingi kuliko miaka yako. Sijawahi kuona msichana akiulizwa na kompyuta." Akaivuta simu niliyokuwa nayo, akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu, ulimi nje. Sauti ya Mzee Oyoo ikatangaza kwa ploti nzima kwamba Gerishon ni mtu mzuri sana. Baba akakaa sawa. Akairudia. Akairudia mpaka wapangaji wakaanza kutoka kwa milango, naye anawaambia, "Mnasikia? Na huyu ni mtu wa kanisa." Haikukwama hata mara moja. Nikamnyang'anya simu, nikafunga mashine kwa mkoba, nikaita pikipiki ya nduthi mpaka Kibera nikijua nimemaliza.

Nyumba ya Mama Whitney kwa nje ni mabati na udongo kama zile za jirani, lakini ukiingia ndani utavua viatu bila kuambiwa. Huyo mama anashona vitambaa. Makochi yamevaa, meza imevaa, TV imevaa, redio imevaa, hata chupa za chai zina vikofia. Kila kitu cheupe, kimepigwa wanga kikasimama. Tuliiweka laptop mezani, Mzee Oyoo akakaa na simu yake, akaandika, na sauti ikajaa nyumba.

"Fundi, karibu. Leo umekuja na sura ya kazi."

"Sura ni ya kuchoka, mzee," nikamwambia.

"Basi upewe chai kabla hujaamua kunizima."

Tukakaa saa nzima akinisimulia kuhusu ujana wake Kaloleni, vituko vyake vyote, na haikukwama. Nikaaga. Sikuwa nimefika hata Sarang'ombe, simu ikalia. Baba amekwama tena.

Nikarudi na jua lote lile. Nafika, laptop iko mezani inanitazama, Mzee anaandika, sauti inatoka safi kama maji.

"Ikikuona inajifanya," Mama Whitney akasema.

"Inamwogopa," sauti ya mzee ikatangaza. "Hata mimi namwogopa."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nataka kuketi chini nilie. Kuna kitu kinaudhi kuliko mashine iliyokufa, nacho ni mashine inayokufa ukitoka na kufufuka ukiingia. Iliyokufa utaifungua ujue. Hii nyingine inakufanya uonekane mwongo.

Nikaweka programu ndogo ya kuandika kasi ya kila core mchana kutwa. Nilipoisoma nikaona maajabu: niliamuru kasi ya juu, na ilikuwa inaanza juu, kisha yenyewe inashuka, inashuka, mpaka mwendo wa kinyonga. Nani anashusha? Mimi nimesema juu. Nikaamua kernel hanisikii. Nikambadilisha nikaweka mwingine mpya. Nikasoma mabishano ya watu wa mbali kwenye mtandao, watu wanaotukanana kwa adabu kuhusu namna ya kugawa kazi kwa core, mpaka macho yakawa mekundu. Nikashuku stima ya Kambi Muru, nikanunua kifaa cha kuituliza. Nikachukua ile kazi ya sauti nikaipa core yake peke yake, mpishi mmoja na sufuria moja, asiitwe na mtu, asipumzike. Kila nikiongeza nguvu, kule Kibera ilikuwa inakwama mapema zaidi. Zaidi! Nilikuwa naitengeneza na inazidi kuharibika, na kwangu Kabiro inaimba. Joto je? Utaniuliza. Joto nililipima kwa duka, likawa sawa, nikaliacha.

Wiki ya mwisho kabla ya shughuli, Whitney mwenyewe alipitia dukani akitoka kazini. Ni msichana mtulivu, anafanya kazi kwa duka la dawa, na tangu nimjue sijamsikia akilalamika kitu. Alisimama hapo kaunta akichezea chaja za watu.

"Mumbi, ukweli. Itafanya?"

"Itafanya."

"Kwa sababu mimi sijawahi kuisikia ikimaliza." Nikamtazama. "Wewe huwa unakuja mchana na mimi niko job. Jioni nikifika, daddy anataka kuniuliza siku imekuwaje, anaandika, inatoka 'Whi-', halafu basi. Anaandika tena, 'Whi-'. Siku hizi ameacha, ananipungia tu mkono. Sijaitwa jina lote na baba yangu tangu hospitali."

Nikamwambia itafanya. Nilisema kwa sababu ya aibu, sikusema kwa sababu nilijua. Alipoondoka nilikaa na hiyo "Whi-" kichwani, na nikaichukia kazi yangu.

Siku ikafika, Jumamosi. Niliingia Kambi Muru asubuhi kabla ya watu wangu, nikaijaribu laptop pale mezani, ikawa sawa, nikamwambia Mama Whitney isizimwe na mtu asichomoe waya kuchaji simu. Akaniapia. Nikatoka kwenda kuwapokea wageni kwa barabara, kwa sababu baba alikuwa amenipa amri: "Leo wewe si fundi. Leo wewe uko upande wetu, utaingia na sisi, utakaa na sisi."

Tukaingia na nyimbo, baba mbele na koti lake la shughuli na kofia, Kiarie nyuma yake akitokwa na jasho. Tukapangwa kwa viti vya plastiki karibu na mlango, goti kwa goti. Nyumba ilijaa mpaka pumzi zikawa za kugawana, na mabati juu yanawaka. Mbele, Mzee Oyoo kwenye kochi lake, suti ya kijivu, kitambaa kipya shingoni, simu mkononi. Kando yake ndugu yake mdogo Dalmas, msemaji wa familia, mtu mrefu anayependa kusimama. Kutoka nilikokaa nilikuwa naona mgongo wa Dalmas na kona ya kabati, basi.

Maombi yakaombwa, na yaliombwa kweli. Mzee Oyoo akabonyeza simu, spika ikasema, "Wageni wetu, karibuni sana," na chumba chote kikapigwa na butwaa. Kuna mama mmoja wa kanisa alishika kifua. Baba yangu akanipiga kiwiko, anajivuna kama aliyeitengeneza yeye. Watu wakajitambulisha, ukoo kwa ukoo. Baba akaeleza kilichotuleta kwa mzunguko mrefu wa ua tuliloliona kwa bustani yao, nikawa naomba ardhi inimeze.

Kisha Whitney akaitwa. Akatoka nyuma ya pazia na gauni la kitenge, akasimama katikati, mikono mbele. Mzee Oyoo alikuwa ameandika swali lake siku nyingi kabla, alilihifadhi kwa simu. Akamtazama mtoto wake. Akabonyeza.

"Whi-," spika ikasema. "Whi-i-i-i."

Kisha kama mtu anayezama: "ha-a-a-wa." Halafu kimya.

Akabonyeza tena. Safari hii hata jina halikuja, ni kukwaruza tu. Whitney akaangalia chini. Nyuma yangu shangazi yangu mmoja akanong'ona kwa Kikuyu ati hii si dalili nzuri, nikatamani kumtoa nje na kiti chake.

Dalmas akasimama. Alikuwa tayari, huyo, nafikiri alikuwa tayari tangu asubuhi. "Ndugu zangu, mashine ni mashine. Mimi kama mdogo wake nitamuulizia." Mzee Oyoo akainua mkono, kiganja wazi, akamzuia. Mama Whitney, aliyekuwa kando ya pazia, akasema kwa sauti nyembamba, "Dalmas, keti. Tafadhali keti." Dalmas hakuketi.

Mimi nikainuka. Baba akanishika sketi, "Maitu, wewe uko upande wetu," nikaichomoa mkononi mwake. Nikakanyaga vidole vya watu mpaka mbele. Mezani hakuna laptop. Kuna maua na soda.

"Iko wapi?"

Mama Whitney akaonyesha kwa kidevu. Juu ya kabati. Na hapo juu ya kabati, mimi fundi, niliona kitu ambacho ningekiona miezi hiyo yote kama angeniacha nikione. Kitambaa kipya, kikubwa, cheupe, kina mawaridi ya kushona pembe zote nne, kimepigwa wanga. Chini yake laptop imefungwa kifuniko. Chini ya laptop mto mdogo mzito wa kushona, wa rangi ile ile. Nikaweka mkono. Ilikuwa moto kama sufuria ya ugali.

Basi nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na sikufurahi. Kernel alikuwa hana makosa. Mashine ilikuwa inapika ndani ya blanketi, na ikipata moto inajishusha kasi yenyewe ili isiungue. Haingoji kernel, haingoji mtu. Na mimi nilikuwa nimekaa Kabiro nikiiongezea moto, nikimkimbiza yule mpishi mmoja mpaka azimie, kisha nikimtukana msimamizi.

"Mama," nikasema, na nilijitahidi sana, "nani ameifunika?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoileta. Nilikuwa naifunua ukija tu." Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Mtu akija kumtibu mgonjwa si anavuliwa? Ukienda namfunika. Vumbi la huku unalijua. Shingo naifunika vumbi lisiingie, na hiyo ndiyo koo lake sasa. Ningeliacha wazi?"

Nilikuwa na maneno mengi sana. Yalipangana kooni yote, ya mitandao niliyosoma, ya nduthi, ya macho mekundu. Nikamwangalia yule mama, na vidole vyake vilivyoshona mawaridi yale, nikayameza. Yalishuka vibaya.

"Halijakosea, mama," nikasema. "Limeshikwa na joto tu. Linataka kupumua."

Nikatoa kitambaa, nikaipeleka mezani, nikasukuma soda, nikaiinua juu ya vikombe viwili ili hewa ipite chini, nikaifungua. Feni yake ndogo ilikuwa inalia kwa uchungu. Kuizima siwezi, itachukua muda kuamka na watu hawa wataanza kuaga. Cha kufanya hakuna.

"Tunangoja nini?" baba yangu akauliza kutoka mlangoni.

"Tunangoja ipoe, baba."

"Ipoe?"

"Ipoe."

Watu wa kujaza nyumba, koo mbili, suti na vilemba, wote wakakaa wakingoja kompyuta ipoe. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kiarie alikuwa amefunga macho. Kisha nikasikia viti vikisogea na watu wakisema "pole, pole", nikageuka, ni baba. Gerishon mwenye ploti, mtu ambaye hajawahi kunishikia hata bisibisi, amefika mezani, amevua kofia yake ya shughuli, ameinama, anaipepea. Hakuniangalia. Akamwambia Mzee Oyoo, "Huku kwenu kuna joto, mkwe," na akaendelea kupepea.

Mzee Oyoo akamtazama. Mabega yakatikisika.

Sauti ya feni ikashuka. Nikagusa chini, moto umepungua, si sana. Nikamwitikia mzee kwa kichwa. Dalmas akaketi, hatimaye. Mzee akabonyeza.

"Whitney, mwanangu. Hawa wageni unawajua? Tukile walicholeta?"

Yote. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, na neno la mwisho limevutwa, kama anatangaza kwa kanisa zima. Nilitaka kupiga makofi. Lakini sasa kila mtu alikuwa anamwangalia Whitney, na Whitney hajibu. Amesimama, anatazama spika. Tukangoja. Shangazi yangu akavuta pumzi. Kofia ya baba ikasimama hewani. Uso wa Kiarie ulikuwa umekwisha rangi.

"Whitney," Dalmas akasema kwa upole, "umeulizwa."

"Nimesikia, uncle." Akapangusa macho na mgongo wa mkono. "Baba, uliza tena."

Mzee Oyoo akabonyeza. Whitney, mwanangu. Hawa wageni unawajua? Tukile walicholeta?

"Tena."

Nilikuwa na mkono chini ya laptop, na nilikuwa nasikia joto likirudi. Kazi yangu hapo ilikuwa kusema, jamani, inatosha, itakwama. Ndiyo maneno nilikuwa nimewaambia miezi yote: polepole, kidogo kidogo, msiichokeshe. Nikafunga mdomo. Baba akarudi kupepea, kwa mikono miwili sasa. Mzee akauliza tena, jina lote, swali lote, na Mama Whitney akawa ameshika pazia kwa uso.

"Nawajua, baba," Whitney akasema. "Kuleni."

Kabla vigelegele havijaanza, Mzee Oyoo akainua ule mkono wake. Akainama kwa simu, akaandika kitu ambacho hakikuwa kimehifadhiwa, taratibu, herufi kwa herufi, na sisi wote tukangoja.

"Sikusikia vizuri, Whitney," sauti ikatangaza. "Njoo karibu useme tena."

Akaenda. Akapiga magoti pale kwenye kochi, na walichosema baada ya hapo kilikuwa kirefu, yeye kwa mdomo na mzee kwa spika, na watu wa pande zote wakakaa na njaa zao. Baba akaniuliza kwa chini kama bado apepee. Nikamwambia apepee tu.